Neno la Upole kwa Walio Nyumbani: Matarajio ya Familia Zetu Katika Miaka ya Misukosuko

Mawaidha yaliyotolewa kabla ya futari, Lozells, Birmingham, katika kumi la pili la Ramadhani 1446 (Machi 2025). Yameandikwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa, na mzungumzaji ameyapitia.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Leo sitazungumzia yanayofunguza saumu wala hukumu za fidia. Hayo masheikh wameyaeleza tangu mwezi ulipoandama. Nataka tuzungumze jambo ambalo kila mmoja wetu hulibeba mfukoni pamoja na simu yake. Simu inalia baada ya tarawehe. Mtu anaangalia, anaona jina la mama yake, au la kaka yake, au la shangazi aliyemlea. Anajua kinachotafutwa, anajua pia kilichomo katika akaunti yake, basi anaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Haikatai wala haipokei. Anasema moyoni: nitampigia nikipata. Ndugu zangu, leo tuzungumze kuhusu simu hiyo iliyogeuzwa.

Wanazuoni wa uchumi wana neno lao: matarajio ya kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na matarajio ni yale wanayodhani kwamba kesho itawaletea. Wataalamu huuliza: je, mwaka ujao mnaona hali yenu itakuwa bora au mbaya zaidi? Je, bei zitapanda? Je, huu ni wakati wa kununua kitu kikubwa, au wa kubana? Huuliza hivyo kwa sababu binadamu hatumii kwa kadiri ya alichonacho leo peke yake. Hutumia kwa kadiri ya anachokitarajia kesho. Anayetumaini mvua hupanda. Anayeamini kwamba mvua haiji hula mbegu.

Huku Uingereza maswali hayo huulizwa kila mwezi. Mnamo Septemba 2022 kipimo cha GfK kilishuka hadi 49 chini ya sifuri, kiwango cha chini kabisa tangu kipimo hicho kianze katika miaka ya 1970. Kwetu, maswali ya namna hii yalizidi mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipowazuia watu kwenda nyumba kwa nyumba. Benki ya Dunia, kwa kushirikiana na idara za takwimu za serikali, Uganda, Kenya, Tanzania na kwingineko, ikawa inazipigia simu kaya zilezile mara kwa mara. Na kuna kipimo cha upungufu wa chakula kilichotungwa na shirika la FAO la Umoja wa Mataifa, ambacho hutumika sana katika uchunguzi wa namna hiyo. Kina maswali manane. Swali la mwisho ni la mtu aliyeshinda siku nzima bila kula. Lakini la kwanza halihusu njaa hata kidogo. Huulizwa hivi: je, ulipata kuwa na wasiwasi kwamba hutakuwa na chakula cha kutosha? Wataalamu wametambua kwamba hofu huingia nyumbani kabla ya njaa.

Nasi Waislamu tumeambiwa hayo zamani. Katika Suratul Baqara, aya ya 268, Mola wetu anatufahamisha kwamba Shetani kazi yake ni kumtisha mja kwa ufukara, na kwamba kitisho hicho humsukuma mja kwenye maovu. Na Mwenyezi Mungu, kinyume chake, ameahidi maghufira na fadhila. Zingatieni kwamba Shetani hakuhitaji kumfukarisha mtu. Ametosheka kumfanya autarajie ufukara.

Sasa tuangalie yaliyowapata watu wetu katika miaka hii, kwa utaratibu, maana ukiyatazama moja moja huoni uzito wake. Mwishoni mwa 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, kundi ambalo mfano wake haukuwa umeonekana nchini humo kwa takriban miaka 70. Machi 2020 ikaja Korona: hoteli za Mombasa, Malindi na Unguja zikafungwa, na mwenye ngalawa ya kupeleka wageni akakaa pwani bila kazi. Mwishoni mwa 2020 mvua zikaanza kukatika katika Pembe ya Afrika, zikakatika misimu mitano mfululizo. Februari 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei ya ngano, mafuta ya kupikia, mbolea na petroli. Julai mwaka huo serikali ya Kenya ilitangaza ruzuku ili pakiti ya unga wa kilo mbili, iliyokuwa imepita shilingi 200, iuzwe kwa 100, na ruzuku ile haikudumu. Septemba 2023 lita moja ya petroli mjini Nairobi ilifika shilingi 211. Kisha yakaja mafuriko ya El Niño, na mengine Aprili na Mei 2024. Juni 2024 vijana wakamiminika barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha, damu ikamwagika, na mswada ukaondolewa.

Ndugu zangu, msiba mmoja una dawa yake. Mtu akifikwa na ukame huuza mbuzi, na mvua ikirudi hununua mbuzi mwingine. Lakini msiba ukija kabla deni la msiba uliotangulia halijalipwa, mambo hubadilika. Wa kwanza huchukua mbuzi. Wa pili huchukua dhahabu ya mama. Wa tatu huchukua cherehani au baiskeli, yaani chombo cha kazi. Wa nne humtoa mtoto shule. Na wa tano ukija hukuta nyumba haina cha kuuza ila matumaini yake. Kenya kuna uchunguzi uitwao FinAccess, unaowapima watu wazima kwa mambo matatu: kuendesha matumizi ya kila siku, kuhimili pigo la ghafla, na kujiwekea ya baadaye. Mwaka 2016 waliofaulu kipimo hicho walikuwa takriban 39 katika kila watu 100. Mwaka 2021 walikuwa 17. Mwaka 2024 walikuwa 18. Tazameni: wimbi la maradhi lilipita, lakini watu hawakurudi walikokuwa, kwa sababu vyombo vya kurudia vilikuwa vimeshauzwa.

Na hofu nayo huongeza kile inachokihofia. Mtakumbuka sukari ya Tanzania mwanzoni mwa 2024, tukielekea Ramadhani. Mvua nyingi zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikawa haba, na Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, ilhali watu walikuwa wakiuziwa kwa zaidi ya 4,000. Katika hali kama hiyo mwenye uwezo hununua kilo kumi badala ya mbili, muuzaji huificha akingoja bei ya kesho, na maskini anayenunua robo kwa robo hukuta duka tupu. Uhaba wa kweli ulikuwepo, lakini juu yake unajengeka uhaba wa pili, uliotengenezwa na matarajio.

Huenda mmoja wenu akauliza: Sheikh, haya yanatuhusu nini sisi tulioko Lozells? Yanatuhusu, kwa sababu sisi wenyewe ni sehemu ya matarajio hayo. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilibashiri kwamba fedha zinazotumwa na wahamiaji kwenda nchi zenye kipato cha chini na cha kati zingepungua kwa asilimia 20 hivi mwaka ule. Ubashiri ulikuwa wa busara. Nanyi mnakumbuka teksi zilivyosimama na mikahawa ilivyofungwa. Lakini fedha zilizotumwa Kenya, ambazo mwaka 2019 zilikuwa takriban dola bilioni 2.8, mwaka 2020 zilizidi bilioni 3. Mwaka 2024 zilifika karibu bilioni 4.9, nyingi kuliko zilizoletwa na chai. Walio nje walijinyima. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Basi nyumbani, mama anapokaa kupanga mwezi wake, huhesabu mvua, huhesabu bei ya unga, na hukuhesabu wewe. Wewe uliyeko Birmingham umo katika hesabu zake kama mvua ilivyomo katika hesabu za mkulima. Na mvua isiyo na msimu, hata ikiwa nyingi, haioteshi mahindi.

Nitawasimulia kisa changu mwenyewe, na sikisimulii kwa kujisifu. Ninaye dada yangu mkubwa, yuko Mombasa, amefiwa na mumewe, na riziki yake ilikuwa kushona madera. Nilikuwa nikimtumia kitu kila mwisho wa mwezi. Ilipofika Oktoba 2022, mfumuko wa bei hapa Uingereza ulifika asilimia 11.1. Mwezi uleule, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, wa Kenya ulifika 9.6, kilele chake katika kipindi kile. Anayetuma na anayetumiwa walibanwa kwa mkupuo mmoja. Bili yangu ya gesi na umeme ilinitoa jasho. Mwezi ule sikutuma, na mwezi uliofuata sikutuma.

Kutotuma halikuwa kosa, sikuwa nacho. Kosa langu ni kwamba sikusema. Niliona haya. Mimi ndiye niliyesomeshwa kwa jasho lao hadi chuo kikuu, mimi ndiye imamu, nitasemaje sina? Ujumbe wake ulikuja, nikausoma, sikuujibu. Nikajiambia: nikipata nitamtumia mara mbili, naye atafurahi. Na kweli, ilipokaribia Ramadhani ya 2023 nilipata, nikatuma mara mbili, nikampigia simu kwa furaha kubwa.

Akanishukuru, akaniombea dua. Kisha nikamwuliza habari za kazi. Akanyamaza. Nikamwuliza tena. Ndipo akaniambia kwamba cherehani ameiuza tangu Desemba. Alikuwa amechukua vitu dukani kwa mkopo, akimwambia mwenye duka, ndugu yangu hutuma mwisho wa mwezi. Na shuleni aliahidi hivyohivyo kwa ajili ya mwanawe. Mwisho wa mwezi ukapita, na wa pili ukapita, na wadai wakaja mlangoni. Akauza cherehani kwa bei ya mtu aliyeshikwa. Akaniambia, na sauti yake haikuwa ya lawama: "Ndugu yangu, lau ungeniambia huna, ningejua la kufanya. Nisingechukua mkopo ule. Ningesema na mwalimu mapema. Mimi nilikuwa nakungoja."

Wallahi, maneno yale yamekaa nami hadi leo. Fedha nilizotuma zilikuwa nyingi kuliko zile nilizozikosesha, lakini hazikuweza kurudisha kilichokwisha kwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichomwumiza dada yangu ni kunyamaza kwangu kuliko ufukara wangu.

Usiku ule nilifungua Suratul Israa, sura niliyoihifadhi tangu utotoni, na nikahisi naisoma kwa mara ya kwanza. Katika aya ya 26 Mwenyezi Mungu anaamrisha jamaa wa karibu apewe haki yake, yeye na maskini na msafiri aliyekwama, na anakataza ubadhirifu. Kisha katika aya ya 28 anataja hali yenyewe niliyokuwa nayo: mtu hana cha kutoa, naye anaingojea rehema ya Mola wake anayoitarajia. Huyo ameamrishwa nini? Hakuamrishwa kukopa, wala hakuruhusiwa kukaa kimya. Ameamrishwa awaambie jamaa zake neno jepesi, la upole. Subhanallah! Mwenyezi Mungu ameweka sadaka maalumu kwa siku ambayo mfuko ni mtupu, nayo ni kusema. Na katika aya ya 29 anatuonya tusiufunge mkono shingoni kwa ubakhili, wala tusiukunjue wote tukabaki tunalaumiwa na kujuta. Na katika aya ya 34 anatukumbusha kwamba ahadi itaulizwa. Waswahili nao husema ahadi ni deni.

Tumtazame pia Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mfalme aliota ndoto, na wakuu wake wakasema ni ndoto za ovyo. Yusuf hakuwaambia watu maneno ya kuwafurahisha. Aliwaambia kwamba miaka saba ya shida inakuja. Lakini hakuishia hapo: aliwaambia la kufanya kabla yake, walime na wayaache mavuno katika mashuke yake ila kidogo cha kula, na akawapa habari ya mwisho wa shida, mwaka utakaokuwa na mvua. Akawapa ukweli, akawapa mpango, akawapa tumaini, yote matatu pamoja. Ukweli bila tumaini huvunja moyo, na tumaini bila ukweli ndilo lililomfanya dada yangu achukue mkopo. Hii ndiyo maana ya kutawakali: Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mola wake.

Kwa hiyo nausia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, mambo manne.

La kwanza, taja kiasi unachoweza kukitimiza, na siku yake, na ukishike. Tumefundishwa kwamba amali zinazopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Paundi 40 zinazofika kila tarehe 1 humwezesha mama kupanga. Paundi 300 zisizojulikana zitakuja lini humfanya aishi kwa kubahatisha. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, ukikosa, sema mapema, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sauti yako mwenyewe. Na ueleze lililo nje ya uwezo wako. Mwanzoni mwa 2024 paundi 100 zilifika Kenya zikiwa shilingi 20,000 na zaidi. Mwanzoni mwa 2025 shilingi ilikuwa imepata nguvu, na paundi zilezile 100 zilifika chini ya 17,000. Mama hajui bei ya sarafu. Anaona mwanawe amepunguza. Mweleze.

La tatu, tuache kuwadanganya kwa picha. Tunawatumia picha za siku ya Idi, gari nyuma yetu, na wao wanajenga matarajio juu ya picha hiyo. Waambieni kwamba manispaa ya Birmingham, mnamo Septemba 2023, ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kulipia matumizi yake. Kwamba kodi ya manispaa ilipandishwa kwa takriban asilimia 10 mwaka 2024, na mwaka 2025 ikapandishwa tena kwa asilimia 7 na nusu. Kwamba Machi 2025 wazoa taka walikuwa katika mgomo, na mifuko ililundikana barabarani. Kusema hivyo si kukufuru neema. Neema za hapa ni nyingi na tunazishukuru. Lakini jamaa zetu wana haki ya kujua wanamtegemea mtu wa hali gani. Na nanyi mtakaoyasoma haya mkiwa nyumbani, pokeeni neno la "sina" kama mnavyopokea tumo, bila kumdhania vibaya aliyelisema. Mkimlaumu mtu kwa kusema kweli, mara ya pili atanyamaza.

La nne ni zaka. Wengi wetu huitoa katika mwezi huu. Dada, kaka, shangazi na mjomba wenye haja wanaweza kupewa zaka, na anayewapa hupata malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Wazazi na watoto wako hawamo katika zaka yako, kwani kuwakimu ni wajibu wako. Na Qur'ani imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki. Basi safari hii, mnapopiga simu, msiulize tu mmefuturu nini. Ulizeni: mwaka huu mmeuza nini? Kama aliuza chombo cha kazi, na zaka yako inatosha kukirudisha, shaurianeni nao na mkirudishe. Sahani ya pilau huliwa usiku mmoja. Cherehani hulisha nyumba mwaka mzima.

Nami dada yangu nilimnunulia cherehani nyingine. Alhamdulillah, anashona. Mwanawe alipoteza muhula mzima, na muhula ule sina duka la kuununua.

Umebaki muda mchache kabla ya adhana, na dua ya mwenye kufunga haitupwi. Kila mmoja amkumbuke mtu ambaye simu yake aliigeuza. Baada ya futari, kabla ya tarawehe, ampigie. Akiwa nacho, ataje kiasi na siku. Akiwa hana, aseme hana, kwa neno la upole, amwombee, naye aombewe.

Ewe Mola wetu, utujaalie tuwe wakweli kwa wanaotutegemea. Uwafungulie riziki jamaa zetu Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, Tanga, Barawa, Komoro, Kongo na kila pembe waliko. Uwanyeshee mvua yenye manufaa, uwaondolee madeni, uwakinge na hofu ya ufukara kabla ya ufukara wenyewe. Uwape viongozi wetu, wa huku na wa kwetu, huruma kwa wanaowaongoza. Uwarehemu waliotangulia mbele ya haki. Utukubalie saumu zetu na visimamo vyetu, na utufikishe katika usiku wa Lailatul Qadri hali ya kuwa tumeshaungana na jamaa zetu.

Wa akhiru daawana anilhamdu lillahi Rabbil Alamin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.